Kiti cha Mjomba, Safu ya Tatu

4 Machi

Kwa mpwa wangu Sindano, fundi wa mafundi,

Kabla hata sijakusalimu nikwambie jambo moja, ili uisome barua hii ukiwa umekaa vizuri. Mjomba wako ndiye mtu mwenye bahati kuliko wote waliowahi kuvuka mpaka na sanduku moja mkononi. Kuna watu wamezaliwa katika nchi hii, wamezeekea humu humu, na Ukumbi Mkuu wa ngoma za kale wanauona kwa nje tu wakipita na vikapu vyao. Mimi, mgeni, nina kiti changu ndani. Safu ya tatu, katikati, kitambaa chekundu. Wala si kiti cha kuazima, ni cha kudumu. Nikichelewa hakikaliwi na mtu.

Haya, sasa salamu. Hujambo? Dada yangu, yaani mama yako, hajambo? Miguu yake inaendeleaje? Na yule kinyozi wa chini ya nyumba yenu bado anaimba akinyoa, au wateja wameshamwomba achague moja? Mimi ni mzima, nina mafua kidogo tu ya kutoka kwenye joto na kuingia kwenye baridi kila siku.

Barua yako ilinikuta nakunywa chai, na chai ikapoa. Ati karakana yenu ya ushonaji imealikwa huku kwenye maonyesho ya mavazi ya jukwaani, mwezi wa kumi, na katika mafundi wote wa pale wewe ni mmoja wa waliochaguliwa. Niliwasimulia wenzangu wote, na aliyekataa kusikiliza nilimfuata alikokwenda. Unasema unataka kuijua nchi kabla ya kuiona, usije ukashuka garini na kutoa macho kama mtu aliyeamshwa. Basi umebisha hodi kwenye nyumba yenyewe. Mimi shule iliniacha darasa la sita, lakini nchi hii nimeisoma jalada hadi jalada.

Anza na hili. Watu wa hapa ukikutana nao ngazini, anayepanda ndiye husimama na anayeshuka ndiye husalimu. Ukilikosea hilo mtaganda pale pale mpaka mmoja wenu azeeke. Pili, hawasemi kwa sauti kubwa, ila wakicheka hawabani. Tatu, ngoma.

Ngoma ya hapa, mpwa wangu, si ya kusimulia, lakini nitaisimulia. Mchezaji mkuu ni mwanamke anayeigiza malkia wa zamani aliyekataa kuolewa na mfalme jirani. Huingia na joho jekundu zito, lina mikono mirefu inayofika sakafuni. Kwapa la kushoto limeachiwa nafasi ya vidole vitatu, bitana yake ni rangi ya majani makavu, na ndani ya shingo kuna alama ya uzi mweupe, mishono miwili. Na mchezo ukiisha watu hawapigi makofi. Shika hili sana. Wanapiga miguu sakafuni, ukumbi mzima kwa pamoja, mshindo mmoja mzito. Kimya. Kisha mwingine. Jengo linatetemeka hata maji kwenye ndoo yanachora duara.

Usihangaike kunipigia simu. Mchana nina shughuli zangu za mambo ya mavazi hapa Ukumbini, kazi ambayo siwezi kumweleza mtu asiye wa fani, na jioni simu huzimwa, ni adabu ya hapa. Andika barua. Mama yako anapenda kitu cha kushika.

Ni mimi mjomba wako, mwenye kiti.


29 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Huku hatujambo, tunakula, tunalala, tunagombana kidogo, mambo ya kawaida ya nyumbani. Mama amesimama nyuma yangu kuhakikisha nimeandika kwamba anakusalimu. Mama anakusalimu. Anasema miguu yake haijambo na hilo utalithibitisha mwenyewe ukisoma mbele. Kinyozi anaimba bado, na sasa amepata wimbo mpya ambao hajui mwisho wake, kwa hiyo anaurudia mwanzo.

Barua yako nimemsomea Mama mara tatu. Unamjua dada yako, mtu wa kukaa kwake. Hata harusi ya mtaa wa pili huwa anatuma salamu. Nilipofika kwenye kile kiti aliniambia nirudie. Nikarudia. Safu ya tatu, katikati, kitambaa chekundu. Akaanza kufuta meza ambayo ilikuwa safi tangu asubuhi. Halafu akasema, "Nitakwenda. Nataka nikae pale anapokaa kaka yangu."

Mjomba, nilidondosha kikombe. Mama, kusafiri! Karakana inaruhusu kila fundi aje na mtu wake mmoja akijigharimia, na nauli yake ameshaipanga, usiniulize kaipangaje. Amenunua hata sanduku. Anasema la kwake la zamani uliondoka nalo wewe, na kwamba kama bado lipo ulifute vumbi asije akalionea huruma.

Basi nyumba yetu imegeuka darasa. Nimeazima kitabu maktaba kuhusu nchi hiyo, kinene hivi, na kila siku nikirudi kazini tunasoma kurasa mbili. Nimechora ramani ya mitaa kwenye karatasi ya kukatia vitambaa: kituo cha mabasi kile, daraja la mawe lile, jumba la makumbusho, Ukumbi. Naweza kutembea kutoka kituoni hadi mlangoni kwenu nikiwa nimefumba macho, ilimradi nchi iwe na ukubwa wa meza. Maneno ya salamu nimeyabandika kwenye cherehani yangu na wenzangu wote wameyashika. Jana msimamizi wetu aliagwa kwa lugha ya watu, akadhani ametukanwa.

Lakini kazi kubwa ni ile ya miguu. Mama anaifanyia mazoezi sebuleni kila jioni. Mshindo. Kimya. Mshindo. Juzi kinyozi alipanda juu mwenyewe, na nyuma yake mteja mwenye povu nusu ya uso. Akasema chokaa ya dari inaangukia watu kichwani. Mama akamwambia avumilie, tunajiandaa kwenda nchi za watu. Kinyozi akauliza ni nchi gani hiyo ambayo ukimpenda mtu unamvunjia nyumba.

Nina maswali mawili. Kitabu kinasema watu hufika Ukumbini mapema ili waitazame dari kabla ya ngoma kuanza. Hiyo dari ikoje? Na la pili, ndani ya ukumbi wa heshima kama huo, ndoo ya maji ni ya nini?

Mimi mpwa wako, ninayehesabu wiki.


2 Mei

Sindano wangu,

Hujambo, na huyo aliyesimama nyuma yako hajambo? Mwambie akae, miguu ni ya safari. Mimi sijambo, mafua yamehamia kwa mwenzangu na nimeyaaga vizuri. Mpe kinyozi pole zangu, umwambie sanaa ina gharama zake.

Ile sehemu inayohusu dada yangu nimeisoma mara mbili. Basi. Nimefurahi mno. Nimefurahi hadi nikakosa cha kuandika juu yake, kwa hiyo niendelee na masomo yako.

Ndoo ni ya moto. Ukumbi una mbao nyingi. Na dari iko juu sana, na inastahili kuwa huko juu. Mtu hawezi kuisimulia dari kwa barua, atapunguza thamani yake. Sanduku la mama yako lipo, lina mahali pake pa heshima, na silo la kukaa na vumbi. Simpi mtu wala siliazimishi.

Sasa nikufundishe jiji, maana huko kote mmeng'ang'ania Ukumbi kana kwamba nchi nzima ni jengo moja. Jumba la makumbusho hutoa tiketi ya kijani asubuhi na ya kahawia mchana, na ya kahawia ndiyo wanayoipenda watu kwa sababu inaingiza mpaka bustanini. Watu wa hapa hawatupi tiketi, huzihifadhi mifukoni miezi na miezi. Wana mapenzi na maua makavu pia. Mtu mzima na ndevu zake unamkuta na ua limekauka mfuko wa koti, na ukimrudishia anashukuru kama umempa mtoto wake aliyepotea. Wacheza ngoma huficha kipande cha tangawizi kwenye pindo la mkono wa joho, cha kutafuna mgongo ukiwa umegeukia watu. Malkia wetu hutoka jasho upande mmoja tu, wa kulia, sijui kwa nini, na wiki anayokuwa na hasira hung'ata kola. Nani mwingine atakufundisha mambo haya? Kitabu chako kinayajua?

Daraja la mawe ulipite asubuhi, jua likiwa bado upande wa pili, ukute wauza vitabu wakipanga. Wako wengi, na kila mmoja atakwambia wa pembeni yake ni mwizi. Nami huwa nawaambia wote wawili wana haki.

Nawaza tu hapa. Mwezi wa kumi kuna upepo mbaya. Kwa kijana kama wewe si kitu, ila kwa mtu mwenye miguu inayouma sijui. Tuseme mama yako angesubiri mwaka kesho, miezi ya joto. Nawaza tu.

Mjomba wako, yule yule.


26 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Sisi wazima. Binti wa jirani amejifungua, mtoto ana sauti ya kinyozi, na kinyozi mwenyewe anajivunia kana kwamba alihusika. Mama anakusalimu na anasema hivi: upepo alikwisha kuuona, na miguu ni yake.

Amejishonea gauni, Mjomba. Mimi fundi nimekaa pale na mkasi wangu, naye akakataa nisiguse, akaenda kuitoa cherehani yake ya mkono aliyoipumzisha tangu nikiwa shule. Amechagua kijani kibichi, kwa sababu kiti ni chekundu na hataki watu washindwe kujua kiti kinaishia wapi na yeye anaanzia wapi. Mtaa mzima unajua safu ya tatu. Muuza mkaa ameniuliza kama kutoka safu ya tatu mtu anaweza kurushiwa jasho la Malkia. Nimemwambia inategemea ni la kulia au la kushoto.

Nacheka, lakini nina jambo. Kitabu kinasema katika Ukumbi huo watu hawapigi miguu kabisa. Mchezo ukiisha wanasimama kimya na kuinua mikono yote miwili, viganja wazi, mpaka taa zirudi. Kuna na picha. Sasa nimfundishe Mama lipi? Kinyozi ameshaleta ngazi ya kuzibia dari, nisingependa iwe bure.

Na jambo la pili ni kubwa zaidi. Waandaaji wametuandikia. Usiku wa ufunguzi mafundi tumepewa viti, lakini watu tutakaokuja nao hawana. Wanauliza kila mmoja mtu wake atakaa wapi. Mimi nimewajibu kwamba Mama atakaa kwenye kiti cha kaka yake, safu ya tatu, katikati. Wanataka namba ya kiti tu. Nitumie namba, Mjomba, na mambo yote yatakuwa yamekwisha.

Sindano.


9 Agosti

Mpwa wangu,

Hamjambo? Mimi sijambo. Nimechelewa kujibu, kazi zilinikalia kooni, usinihesabie. Mpeni hongera mama wa mtoto.

Vitabu huandikwa na watu waliokaa viti vya nyuma, hilo ulijue.

Kuhusu namba ya kiti, kuna kitu kimetokea. Ukumbi wanaukarabati. Safu za mbele zimeng'olewa, mbao zimetapakaa, vumbi tupu. Hakuna anayejua utakwisha lini. Kwa hiyo wewe njoo na karakana yenu, tutaonana, ila dada yangu naona asubiri. Asije akavuka mpaka kwa ajili ya kuangalia mafundi seremala. Mwaka kesho viti vikirudi nitamwita mwenyewe kwa sauti kubwa.

Gauni haliozi.

Mjomba.


30 Agosti

Mjomba,

Shikamoo. Hii naiandikia kazini wakati wa mapumziko, juu ya meza ya kukatia, kwa hiyo hakuna aliyesimama nyuma yangu. Mtoto wa jirani anakua. Dari ya kinyozi imezibwa. Huku nyumbani kumetulia, na sipendi namna kulivyotulia.

Mama nilimsomea barua yako mara moja tu. Hakuniambia nirudie. Kesho yake nilikuta sanduku liko tupu juu ya kabati na gauni limekunjwa likawekwa chini ya mashuka. Nikamuuliza. Hakukasirika, Mjomba, ningefurahi angekasirika. Alisema, "Kaka yangu amekuwa mtu mkubwa. Pengine anaona haya watu wamwone nimekaa naye." Kisha akaniuliza tunapika nini. Tangu siku hiyo hajataja tena safu ya tatu, na wakimuuliza mtaani anasema miguu inamsumbua.

Wiki iliyopita waandaaji walituletea ratiba ya ufunguzi, na picha ya Ukumbi iliyopigwa mwezi huu. Viti vyote vipo. Sikumwonyesha Mama.

Mimi ni fundi. Mtu aliyekaa kitini huliona joho kwa nje: rangi yake, urefu wake, linavyozunguka. Wewe tangu barua ya kwanza unaniambia bitana, kwapa kwa ndani, alama ya shingoni, kilichofichwa kwenye pindo, kola iliyong'atwa. Mambo hayo huonwa na mtu mwenye joho mapajani. Nilianza kuhisi zamani, nikanyamaza, kwa sababu barua zako zilikuwa tamu na mimi nilikuwa najifunza. Sitaki kujua unakaa wapi, na wala sitamwambia Mama neno. Si langu.

Ila tunaondoka tarehe kumi na mbili Oktoba, na nafasi yake kwenye basi haijafutwa bado. Nataka awepo nitakaposhuka. Niliisoma nchi hiyo pamoja naye, kurasa mbili kila siku, na nikiingia peke yangu nitakuwa nimeiona nusu.

Mwandikie yeye. Usiniandikie mimi.

Mpwa wako anayekupenda.


18 Septemba

Dada yangu,

Shikamoo. Hii ni yako, ingawa najua Sindano atakuwa anasoma juu ya bega lako, na asome. Hujambo? Miguu je, ile inayosingiziwa? Mtoto wa jirani namwombea afya na sauti nyingine. Na umwambie kinyozi kwamba ameonewa. Utaona kwa nini.

Nimekata tiketi mbili za usiku wa ufunguzi, yangu na yako. Ziko roshani ya juu kabisa, nyuma ya nguzo. Muuza tiketi aliniuliza nataka upande upi, nikamwambia wowote ule wenye viti viwili vilivyokaribiana. Ili kuliona jukwaa lote itabidi tuegemee kushoto, na mimi nitakuachia upande wa kuegemea. Sindano atakuwa chini na mafundi wenzake. Tutamwona utosi.

Lakini sikutaka nikuingize mahali nisipopajua, kwa hiyo juzi nilikwenda kwanza. Hapa tuna mama mmoja mkali, sisi humwita Bibi wa Mavazi, ndiye anayetusimamia. Nikamwomba ruhusa ya jioni moja. Akauliza ya kwenda wapi. Nikamwambia ya kupanda juu kutazama ngoma. Aliweka miwani mezani. Akasema, "Miaka yote hii hujawahi kupanda? Mimi nilidhani umeshaichoka."

Basi nikapanda. Dada, hiyo dari! Sindano aliniuliza nikamjibu upuuzi, sasa nawajibu nyote. Imechorwa ndege, wengi mno, wote wanaruka kuelekea jukwaani, isipokuwa mmoja aliyegeuka anaangalia mlango, kana kwamba kuna mtu wake hajafika. Nilimwangalia huyo mpaka shingo ikaniuma. Yule uje umwone kabla ya taa kuzimwa, tuwahi, tusichelewe na mambo yako ya kurudi kuhakikisha jiko limezimwa.

Halafu akatoka Malkia na joho jekundu. Joho lile nalijua kuliko ninavyoijua mikono yangu. Siku zote nimelishika likiwa limelowa, limekunjwa, zito, jeusi-jeusi kama ini. Sikujua kwamba linawaka. Alipogeuka lilifunguka lote, na mikono yake ikapita hewani taratibu, na mimi nikatoa sauti, sijui sauti gani, hata mama aliyekaa pembeni yangu akanipa peremende. Nilitaka kumwambia pale kifuani palikuwa na doa la mafuta ya taa, tumelihangaikia siku mbili, na sasa tazama, halipo. Nikala peremende.

Mwisho wa mchezo watu walisimama kimya wakainua mikono, viganja wazi, kama kitabu kinavyosema. Hakuna aliyepiga mguu. Ule mshindo ninaousikia kila jioni ni jukwaa. Lina sehemu ya duara ambayo wanaume wawili huizungusha kwa chini, na ikifika mwisho inagonga mbao. Mimi kwa kuusikia nikadhani ni miguu ya watu walioshiba furaha. Nimekuvunjisha sakafu bure, na kinyozi wa watu nimemjaza chokaa.

Uliuliza sanduku. Lipo pale kati ya mashine ya pili ya kufulia na ukuta, kwenye bomba kubwa linalopanda mpaka chini ya jukwaa. Jioni nikisubiri mavazi yashuke, huwa nakaa juu yake, naegemeza kichwa kwenye bomba, na ngoma naisikia yote, kuanzia filimbi hadi huo mshindo. Bawaba moja imekatika, nimeifunga waya. Hakuna mwingine anayeruhusiwa kulikalia, hata Bibi wa Mavazi anajua.

Ati nakuonea haya wewe? Wewe uliyenipa sanduku lako la pekee ukabaki unafunga nguo zako kwenye shuka? Nilikuwa najionea haya mimi. Ulipoandika mara ya kwanza kuniuliza ninafanya nini huku, nilitaka jibu lililo kubwa kama ulivyoniaga, na nilipolipata nikaanza kulishona viraka kila barua, mpaka likawa joho.

Lishushe sanduku kabatini. Vaa lile la kijani. Huku viti vya roshani ni vya bluu, kwa hiyo utaonekana vizuri tu, mwanzo hadi mwisho. Nitakuwa kituoni tangu asubuhi, shati jeupe lililopigwa pasi hata nzi atateleza, na hilo si majivuno, ndiyo kazi yenyewe. Kutoka kituoni tutapita daraja la mawe, halafu Ukumbini nitawapitisha mlango wa mbele wote watatu, mimi nikiwa wa kwanza, kwa sababu sasa nimeshaujua.

Safu ya tatu sina kiti, dada. Sijawahi kuwa nacho. Mimi ni dobi, nafua chini ya ukumbi, na nilikudanganya.

Kaka yako.